Sababu Aliyoiandika Maren

Dada Arlys,

Huku theluji imeanza, ng'ombe hawajambo. Mgongo wangu ndio huo huo.

Maren wangu amepata 1,540 kati ya 1,600 kwenye mtihani wa kuombea chuo. Ila alama zake za darasani ni mbaya miaka miwili sasa, hasa somo la kwanza la asubuhi, maana huchelewa. Mwalimu akamwambia, "Kwenye fomu kuna mahali pa kujieleza. Sema ukweli, mama, watakuelewa."

Jana niliikuta fomu wazi kwenye kompyuta ya jikoni. Ameandika: "Nilikuwa mvivu wa kuamka."

Tangu mama yake afariki, mtoto huyu anaamka saa kumi alfajiri kukamua ng'ombe arobaini, kwa sababu mimi siamki. Si mgongo, Dada. Ni chupa.

Nikamwambia, "Futa hiyo."

"Nisipojisema mimi, Baba, nimseme nani?"

Akaituma, akavaa mabuti, akaenda zizini.

Ukimpigia, mpongeze kwa mtihani. Akikuuliza nimekuandikia nini, mwambie ni habari za mgongo tu.

Mdogo wako,
Verlyn