Pima Maji Uliyoniagiza

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua safari hii huitikii marahaba, lakini wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba salamu hutangulia habari, hata kama habari inaunguza mdomo. Na hii niliyonayo inaniunguza.

Wiki hii nilikwenda hospitali, Kiomboi. Kizunguzungu changu kilirudi, nikamwaga sufuria la mlenda jikoni, wanangu wakanisukuma niende. Daktari ni binti mdogo tu, nusura nimwite mwanangu. Alinichungulia masikio yote mawili, kisha akagonga kichuma chenye meno mawili kama uma, akakisimamisha katikati ya paji la uso wangu. Mlio nikausikia kulia tu. Akaniuliza sikio la kushoto lilikufa lini. Nikampa jibu letu la nyumbani: "Baba alinipiga kofi nilipokuwa mdogo."

Siku ile unaikumbuka kuliko mimi. Ulikuwa unapiga lipu ukuta wa nyumba yetu, na upepo wa Iramba ukikukaushia saruji kabla hujaisawazisha. Mimi sikuwa nimekwenda shule kwa sababu ya matumbwitumbwi. Bibi alikuwa amenipaka masizi mashavuni, nafanana na chungu. Nilikaa juu ya gunia la alizeti, shavu la kulia nimeliegemeza kiganjani kwa maumivu, sikio limefunikwa. Ukaniita nikuletee pima maji, ile ya kukagua kama ukuta umenyooka. Uliita kwa Kiswahili, ukaita kwa Kinyiramba, lugha uliyoitumia hasira ikishapanda. Sikugeuka. Ukashuka jukwaani, na mkono wenye saruji ukatua shavu langu la kushoto.

"Mtoto gani mwenye kiburi hivi!"

Mama alikuja kunibembeleza, akaninong'oneza, nami nikasema, "Mama, huku sisikii." Ukaacha mwiko wako ukaanguka mchangani. Sijaona tena uso wa mtu ukizeeka kwa haraka namna ile.

Tangu hapo nyumba yetu ilikuwa na miko mitatu: wa Mama wa kusongea ugali, wako wa kupigia lipu, na wa tatu, kuitaja siku ile. Tuliushika barabara. Hukunipiga tena, wala hukuimba tena kazini. Hukuniita kwa sauti. Uligonga mwiko kwenye tofali, ko, ko, nami nikaja. Tukiwa njiani kwenda kanisani ulihamia upande wangu wa kulia bila kusema neno. Na kwa vile sikuweza tena kubeba ndoo kichwani bila kuyumba, ulinipa toroli lako la kazi niende nalo kisimani. Wasichana walinicheka, wakaniita saidia fundi. Nilidhani unanionea aibu. Kumbe ulikuwa unalipa.

Ulipougua mara ya mwisho, ulinishika mkono ukasema, "Mwanangu, sikio lile..." Nikakukatiza kwa upendo wote. "Yameisha, Baba. Nilishakusamehe zamani." Ukafumba macho, machozi yakakutoka pembeni. Nilijiona mtoto mwema.

Sasa sikiliza alichonieleza yule binti. Sauti hugonga ngoma ya sikio, ngoma ikatikisa vijifupa vitatu, vidogo kama punje za uwele. Navyo hupeleka mtikisiko ndani, kwenye kitu kilichojikunja kama konokono. Humo ndimo tunamosikilia. Ubavuni mwake, nyumba moja, kuna vijifereji vyenye maji. Ukiinama au ukigeuka, maji yale hucheza, na ubongo ukajua kichwa kimeelekea wapi.

"Kama pima maji ya fundi," nikamwambia.

Akacheka. "Ndiyo hiyo hiyo, mama. Kila mtu anazo mbili, moja kila sikio. Yako moja imeharibika."

Akasema kofi huweza kupasua ngoma, lakini yangu ni nzima, haina hata kovu. Ubovu uko ndani kabisa, kwenye konokono na kwenye vijifereji pamoja, na matumbwitumbwi huweza kufanya hivyo, hasa kwa sikio moja. Kisha akaniuliza, "Ulianza kuyumba kabla ya kofi au baada?"

Baba, swali lile lilinirudisha nyumbani. Nilikumbuka ndoo. Homa iliposhuka kidogo, Mama alinituma kisimani, nikapepesuka njiani kama mlevi, ndoo ikapasuka. Mama akasema ni udhaifu wa ugonjwa, tukacheka, tukasahau. Hiyo ilikuwa kabla. Ndoo ilipasuka kabla ya kofi, Baba, kabla hujaniita.

Hukuliua sikio langu. Lilikuwa limekwisha kufa, na ulinipiga kwa sababu sikukusikia. Wewe uliyepima kuta za watu nusu ya wilaya, ulikuwa na pima maji iliyovunjika ndani ya mwanao, na hakuna aliyejua kuitazama. Kofi lilikuwa kofi, liliuma, hilo nilikusamehe kwa haki. Lakini mzigo uliokwenda nao kaburini haukuwa wako, na mimi ndiye niliyekufungia kamba nikidhani naufungua. Najuta, Baba. Nimechelewa kiasi kwamba hata kulia kwangu hakuna kazi.

Jana nilikuja na pima maji yako, nikailaza juu ya kaburi. Kiputo cha hewa ndani yake kikakimbilia pembeni. Fundi aliyekujengea ni mzembe, ungemtukana hadi jioni. Kisha nikatoa mwiko wako, nikagonga saruji, ko, ko, jinsi ulivyokuwa ukiniita. Nikasogea kushoto kidogo, nafasi ya kulia nikakuachia, nikakwambia kwa sauti: "Baba, si wewe."

Nikageuza sikio langu zima, nikangoja.

Mimi binti yako,
saidia fundi wako