Picha ya Kisiwani

Al-Safa, Jeddah, 2016

Binamu Rosebellah,

Salamu ni za mama, si zako. Nasikia ukitaka kunasa wasichana wengine kanisani unawaonyesha picha yangu ya kisiwa cha Italia, ati Saudia mayaya hupelekwa kutalii. Madam alinipeleka nimbebee mtoto. Chini ya nyumba za mji ule kuna makaburi ya watu wa kale, yamechongwa ndani ya mwamba, na baadaye maskini walihamia humo, wakapika na kuzaa. Nilipoingia nikaona ni makubwa kuliko chumba ninacholala hapa.

Sasa unamtafutia mdogo wangu Shirleen paspoti. Mwonyeshe picha tena, na umwambie ule mlango nilioambiwa nitabasamu mbele yake ni wa kaburi.

Ni Terry, uliyemsindikiza uwanja wa ndege ukiimba.