Cherehani bila uzi

Mwenzangu, leo nimeaibika mpaka basi.

Unamjua mwanangu, mchana usingizi wake ni wa mang'amung'amu. Kinachomlaza ni mlio wa cherehani tu. Nikisimamisha mguu, macho kodo!

Sasa uzi ukaniishia katikati ya gauni la harusi, na mwingine uko kabatini. Nikiinuka, ataamka. Nikalivuta gauni pembeni, nikaendelea kukanyaga. Bila uzi, bila nguo! Sindano inadunga hewa, mimi machozi ya uchovu yananitiririka.

Ndipo akaingia mama wa bibi harusi; mtoto yuko kikapuni chini ya meza, hamwoni. Akaitazama sindano, akanitazama mimi.

"Fundi, unashona nini?"

"Namlaza mtoto."

Namlaza mtoto! Ndicho nilichomjibu!

Akalikunja gauni taratibu, kama yuko kwa mgonjwa. "Pole, mwanangu. Wewe pumzika. Hili nitampa fundi mwingine."

Na sikuinuka kumbembeleza. Kazi yangu inatoka mlangoni naiona, mguu unakanyaga tu, mtoto asiamke.

Akauvuta mlango polepole, kwa huruma kabisa. Bawaba zikalia.

Mtoto huyo, macho kodo, ananichekea. Na mguu wangu bado unakanyaga.