Sala za Dunguni

Jumatatu, 23 Mei 1938

Nimeaibika! Mwinjilisti kaniuliza darasani maana ya amri ya tatu, na mimi macho dirishani, naangalia kundi la ndege wa kwelea likishuka bondeni. Darasa zima likacheka. Akasema, Matilda, mwili tunao hapa, moyo tuutafute wapi? Ningesema kweli, ningesema autafute dunguni, kule juu ninakofukuzia ndege, maana mpunga umeanza kuiva.

Basi nimeweka nadhiri. Mpaka Pentekoste, siku ya kipaimara, nitasali asubuhi, mchana na jioni. Magoti chini, macho yamefumbwa, bila kuwaza jambo lingine lolote. Mwaka jana nilikosa kipaimara kwa homa. Mwaka huu sikosi. Bila kipaimara hakuna Meza ya Bwana, wala ndoa ya kanisani — na Lukasi naye si mtu wa kusubiri milele! Mama yuko Kisarawe kwa dada aliyejifungua, Baba yuko kwenye mkonge, shamba limebaki kwangu peke yangu. Tutaona.

Jumanne, 24 Mei

Sala ya asubuhi, juu ya dungu. Nimefumba macho vizuri kabisa. Nikamwaza Mungu. Halafu nikawaza viatu vipya vya Lukasi. Nikarudi kwa Mungu. Halafu kile chungu cha mchuzi — nilikifunika au sikukifunika? Nikarudi. Sungusungu akaniuma gotini. Amina.

Sala ya mchana: nimesinzia.

Jumatano, 25 Mei

Leo nimeweza! Niliifunga kamba ya madebe ya kutishia ndege kwenye nguzo isinisumbue, nikasali kwa utulivu ambao sijawahi kuupata. Sikuwaza kitu. Sikusikia kitu. Nikafumbua macho — kona yote ya upande wa mto imeliwa! Na walipomaliza kwangu wakavuka mfereji, wakaingia kwa Bi Mwanamvua. Ndivyo ndege walivyo. Shamba moja likinyamaza wanajaa hapo, na wakishajaa majirani wote wanaumia.

Bi Mwanamvua alisimama juu ya dungu lake na kombeo mkononi.

"We Matilda! Umekufa au umelala?"

"Nasali, bibi!"

"Sali, mwanangu, nani kakukataza? Ila hao ndege wako wanakula kwangu!"

Nimekasirika sana. Mara moja katika maisha yangu nasali sawasawa, na bibi kizee ananipigia kelele! Nikajiambia Shetani hachagui, anatumia hata vikongwe. Jioni tumekutana njiani, sikumpa shikamoo.

Alhamisi, 26 Mei — Kupaa

Kanisani asubuhi. Mahubiri marefu. Nilirudi mbio nikijua nitakuta mabua matupu. Wapi! Bi Mwanamvua ameamia mashamba yote mawili, anafukuza ndege mbio huku, mbio kule, kilemba kimemvuka, sauti imemkauka. Hakuna aliyemwomba.

Nikampa shikamoo, na ile ya jana nikaiongeza. Akaitikia marahaba zote mbili huku anacheka. Nikamuuliza kwa nini amejichosha hivyo. Akashangaa.

"Na mimi nikishuka kuswali adhuhuri, nani ananiangalizia? Si mama yako? Miaka yote."

Sikujua! Mimi nilidhani Mama anapenda tu kupiga kelele. Tumepatana: yeye akiwa kwenye swala, mimi napigia mashamba yote kelele. Mimi nikisali, zamu yake.

Jumapili, 29 Mei

Lukasi amekuja kutoka Kisarawe anakofundisha. Viatu vimelia kutoka mlangoni mpaka kwenye benchi la mbele, watu wote wamegeuka.

Baada ya ibada, mtihani wa kipaimara. Nimejibu yote! Amri, Imani, Ubatizo, bila kukwama. Mwinjilisti amefurahi, anasema naona umeupata moyo wako. Lukasi amenisindikiza mpaka mferejini. Anataka tufunge ndoa mara tu baada ya mavuno. Nimekubali haraka mno. Natumaini hakugundua.

Jumanne, 31 Mei

Nimegundua jambo. Baba yetu uliye mbinguni — vuta kamba! Jina lako litukuzwe — vuta! Ufalme wako uje — vuta, na jiwe moja la kombeo upande wa mto! Sala inakwenda, ndege wanakwenda, na mawazo yangu, ajabu, hayaendi popote. Macho wazi kabisa. Nilifika "utupe leo riziki yetu", nikaona mpunga uliokuwa mbele yangu, na machozi yakanitoka, mimi nisiyelia ovyo.

Nimemuuliza Mwinjilisti kama sala hiyo inahesabika. Amefikiri kidogo. Akasema hapana, macho ndiyo mlango wa kila upuuzi, Matilda, fumba. Ni mtu mwema, siwezi kumbishia. Lakini shamba lake linaamiwa na mkewe.

Alhamisi, 2 Juni

Dungu la Bi Mwanamvua tupu tangu alfajiri. Nimekwenda kwake: homa, anatetemeka chini ya kanga, meno yanagongana. Mwanawe Mwinyimadi yuko Dar es Salaam, anapakua mizigo bandarini. Nimempikia uji, kanywa mafunda machache tu. Mpunga wake umeiva kuliko wangu, wiki ijayo ni wa kuvuna. Ndicho chakula chake cha mwaka mzima, hana kingine.

Nimeamia kote kote. Madebe huku, kombeo kule, kuruka mfereji, kuanguka ndani ya mfereji. Sauti sina tena. Jioni naosha matope miguuni ndipo nikakumbuka: leo sijasali hata mara moja! Nadhiri imevunjika. Nilingoja nione huzuni, haikuja. Njaa ilikuja.

Jumamosi, 4 Juni

Mchungaji mgeni amefika jana. Kesho ndiyo siku. Mwinjilisti ametangaza kwamba asiyekuwapo kengele ya mwisho ikilia atangoja Pentekoste nyingine, hakuna kusamehewa. Alipokuwa anasema aliniangalia mimi.

Nimezunguka kutafuta mtu wa kuamia kesho. Wakristo wote kesho kanisani. Mzee Mwinyijuma alikubali, halafu mchana zikaja habari za msiba Mlandizi, ameondoka na nyumba nzima. Wengine kila mmoja ana ndege wake. Nimemwambia Lukasi, yeye amefika leo. Akasema, Matilda, ndege ni ndege tu, na wewe unakwenda mbele ya Mungu. Nikamwambia na Bi Mwanamvua je? Akasema tutamwombea. Tumeachana vibaya. Nampenda, na leo nilitamani kumsukumia mferejini.

Nikaenda kwa Bi Mwanamvua, homa haijamwacha. Nikamweleza. Akanishika mkono, mkono wake wa moto.

"Nenda, mwanangu. Nenda kwa Mungu wako. Mpunga Mungu anauona."

Angenilaumu ningepumua. Sasa nitafanyaje?

Nimeamua. Nakwenda kanisani. Mungu kwanza. Ndivyo tulivyofundishwa, na ni kweli.

Jumapili, 5 Juni — Pentekoste

Niko dunguni. Nimepita kuangalia tu! Gauni jeupe, kitambaa cheupe kichwani, daftari kwenye kikapu pamoja na Katekisimu. Kanisa si mbali, napaona kutoka hapa. Nitavuta kamba kidogo, halafu nitakwenda.

Kengele ya kwanza. Njia imejaa watu. Wenzangu wa kipaimara wamepita, wamenipungia mikono, wakaita twende. Nimewaambia tangulieni, naja.

Pametulia. Hakuna hata ndege mmoja. Basi nashuka.

Nilikuwa nimeshuka. Wametokea upande wa mto, wengi, jua likafifia kidogo. Moja kwa moja kwa Bi Mwanamvua. Nimekimbia, nimepiga, nimepiga kelele kwa sauti hii isiyokuwapo. Wameondoka. Gauni lina matope mpaka magotini. Wamekaa kwenye miti ng'ambo ya mto, wananiangalia.

Kengele ya pili. Lukasi anakuja, anakimbia na suti yake, ananiita jina langu mbele ya bonde zima. Sijui kama amekuja kunivuta mkono au vipi. Nimepiga magoti hapa hapa juu ya dungu, nimefumba macho kama nilivyoambiwa, nimuulize Mungu mwenyewe anitume wapi. Hata "Baba yetu" sijaimaliza, nimesikia mabawa. Nimefumbua.

Kengele ya mwisho inalia. Wanarudi wote. Naja, Mungu wangu, naja — subiri niwafukuze hawa kwanza