Kiatu Kilichokatwa Ubavuni

Jumatatu, 4 Agosti

Rafiki yangu Oyet amenisumbua tangu asubuhi. Anataka Alhamisi twende klabu ya vichekesho Kamwokya, hapa hapa Kampala. Kuna mchekeshaji anaitwa Ramathan — eti nikimsikia nitasahau hata jina langu. Sitaki kusahau jina, nina mambo. Tarehe 16 wazee wangu wanaenda Kimilili, kule Kenya, kwa kina Nabangala, mchumba wangu, kuongea mahari. Mara ya kwanza iliahirishwa kwa sababu ya msiba. Safari hii nataka ipite kimya, mtu asijikwae popote.

Lakini Oyet ni mtoto wa polisi, amekulia kambini Nsambya, neno hapana halimwingii. "Wewe iko na sura ya mtu ya matanga," akaniambia dukani mbele ya wateja. "Kuja ucheke kidogo, bwana." Nilikuwa nimebeba mabomba ya maji begani. Bosi akacheka, wateja wakacheka. Nikakubali ili anyamaze tu.

Jumatano, 6 Agosti

Nabangala alinipigia akitoka kazini. Mama yake yuko mjini, amekuja kuchukua mitumba ya kuuza Kimilili, na amefikia kwake Nateete. Kwa hiyo nisikanyage huko mpaka aondoke.

Sawa. Kama kuna sheria ya kwetu ninayoishika bila kusukumwa ni hiyo. Mama mkwe humpi mkono, huketi naye, ukimwona njiani unakata kona. Nimekutana naye mara mbili, na mara zote niliangalia chini. Ukiniuliza sura yake, siijui. Picha aliyo nayo Nabangala ni ya zamani, mama akiwa msichana mwembamba. Ninachokijua ni viatu. Vyeusi, vya mkanda, na cha kulia kimekatwa ubavuni kumpa nafasi kidole kinachomuuma. Naye hanijui sura — alinipa mgongo, inavyotakiwa.

Kesho Nabangala ana zamu ya jioni. Travis, mdogo wake, ndiye atamtunza mama. Kuna ibada ya akina mama, watakesha wakiomba. Nikasema vizuri. Mimi naenda kwenye vichekesho, mama mkwe ananiombea.

Ijumaa, 8 Agosti

Sijalala. Nimeuza koki mbovu kwa mtu asubuhi na sikujali.

Niandike kwa mpangilio la sivyo nitapasuka.

Kwanza mvua. Kisha Oyet akachelewa, akaja ananukia manukato ya mtu mwingine. Kisha meza. Nilimwomba tukae nyuma karibu na mlango, yeye akanivuta mpaka mbele kabisa, miguu yetu karibu inagusa jukwaa. "Mbele ndio iko raha." Kila mtu anajua wachekeshaji wanakula watu wa mbele! Nilimwambia. Hakusikia, alikuwa anatafuta mhudumu.

Wachekeshaji wawili wa kwanza walisema Kiganda tupu. Oyet akawa ananitafsiria kila kitu dakika moja baada ya watu kucheka, kwa hiyo nilikuwa nacheka peke yangu kwenye kimya. Halafu akaja huyo Ramathan. Jicho lake likatua kwangu kama nzi kwenye kidonda.

"Ssebo, wewe. Toka wapi?"

Nikasema Kenya. Ukumbi mzima ukapiga kelele.

"Mkenya! Umeoa?"

Nikasema bado, wazee wanaenda wiki ijayo. Kwa nini nilisema? Ningesema nimeoa, ningesema mimi ni padri, chochote.

"Wiki ijayo ni mbali," akasema. "Leo hapa tunafanya harusi. Nnyabo, wewe pia kuja."

Akamshika mkono mama mmoja wa meza ya pili, aliyekuwa amekaa peke yake, kiti cha pembeni kitupu. Mama mnene, gauni la kitenge, wigi refu la kahawia. Alikuwa anacheka mpaka machozi, akapanda bila kubembelezwa. Tukaambiwa tushikane mikono. Tukashikana. Tukaambiwa tucheze. Muziki ukawekwa, na niseme ukweli — yule mama anajua kucheza. Nikajisikia vizuri. Hiyo ndiyo inaniuma zaidi, kwamba kwa muda huo mfupi nilifurahi. Nikamzungusha. Watu wakasimama juu ya viti.

Nikaangalia chini nisimkanyage.

Kiatu cheusi. Cha mkanda. Kimekatwa ubavuni.

Nikaganda. Mikono yangu ilikuwa bado kiunoni mwake. Ramathan akaona nimeganda, akafikiri ni aibu ya bwana harusi, akamwuliza yule mama, "Nnyabo, bwana anaitwa nani?" Yeye akanigeukia akicheka bado: "Baba, unaitwa nani?"

Nikasema Wamalwa.

"Wamalwa wa wapi?"

"Wa duka la mabomba, mama."

Nilimwona akielewa. Alivuta wigi likafunika uso, akanipa mgongo papo hapo, jukwaani, mbele ya watu wote. Nami nikageuka upande wangu. Tukasimama hivyo mgongo kwa mgongo, taa zikituchoma. Ukumbi ukavunjika kwa kicheko. Ramathan akalala chini akipiga sakafu kwa kiganja. Walidhani tunaigiza.

Travis akatokea na soda mbili mkononi — alikuwa kwenye foleni ya kaunta muda wote. Alinitazama, akamtazama mama yake, akaweka soda sakafuni. Alimtoa mama kwa mlango wa jikoni.

Nikamweleza Oyet nje, kwenye matope. Akashika kichwa. "Hata kwetu Acholi hiyo kitu ni moto," akasema. Kisha kwa sauti ndogo: "Wamalwa, mimi nimesharusha video."

Jumamosi, 9 Agosti

Ameifuta. Lakini watu wameshaichukua. Mpaka jioni imenirudia kutoka kwa watu nisiowajua, mmoja ameweka wimbo wa injili juu yake. Namuwongo hapa ninapokaa, watoto wa jirani wananizungusha-zungusha wakiniona.

Nabangala hapokei simu. Nimemkasirikia Oyet, nimemkasirikia Ramathan, na nimekasirikia hata desturi yenyewe. Ukikatazwa kumwangalia mtu, utamjuaje ili umkimbie? Hilo hakuna mzee atanijibu.

Jumapili, 10 Agosti

Nabangala amekuja. Hakuketi.

Kwanza alilia, kisha akanigombeza, kisha akacheka kidogo, akalia tena. Mama hakuwa na kesha lolote. Alitaka kucheka tu. Tangu amezikwa shangazi, nyumba yao imekuwa ya sala asubuhi na jioni, na baba yao, Mzee Nashon, ni mzee wa kanisa, vichekesho kwake ni mlango wa jehanamu. Kwa hiyo mama akamwambia mzee anaenda kuomba, akamtuma Travis kutafuta nafasi. Wigi aliazima.

Nilitamani kumkasirikia naye. Nimeshindwa. Nilimwona akicheka.

Video imeshafika Kimilili. Mtu amempelekea mzee: mkweo huyu anacheza na wanawake Kampala. Ikijulikana mwanamke ni nani, mahari hakuna. Wazee wataitwa, tusafishwe mimi na mama, ngoja mpaka watakaposema basi, labda mwaka mzima. Na mama ataulizwa kesha lilikuwa wapi.

Tumeitazama tena na tena, mimi na Nabangala, vichwa vimegusana. Oyet alirekodi akiwa amekaa, kutoka chini. Sauti ni kelele tupu. Uso wa mama hauonekani — kwanza kichwa changu, kisha wigi. Nabangala akapumua.

"Baba atakupigia. Utamwambia ni mama wa huko Kamwokya, humjui."

Nikasema kumdanganya baba mkwe siku sita kabla ya mahari si mwanzo mzuri wa nyumba.

"Na kumshika mama kiuno ndio mwanzo mzuri?"

Nikaizima video.

Jumatatu, 11 Agosti

Amepiga. Niko stoo nyuma ya duka, nimekaa juu ya gunia la simenti, simu iko kwenye paja, spika imewashwa. Oyet amesimama mlangoni kuzuia watu.

Mzee Nashon hakugomba. Aliuliza hali, kazi, mvua. Kisha: yule mama niliyecheza naye anatoka wapi?

Nikasema simjui, mzee. Ni mtu wa Kamwokya.

Akasema macho yake ni mabovu, nyuso za kwenye simu hazioni vizuri. Lakini miguu ameiona. Akasema kuna kiatu pale, Krismasi alikikata yeye mwenyewe kwa wembe, taratibu, mwenye kidole akiwa amekaa mbele yake akimwambia, hapo, baba Travis, hapo panatosha.

Kisha akaniuliza kitu ambacho sikukitarajia. Aliuliza kama mwenye kiatu alikuwa anacheka.

Oyet ananikazia macho, anatikisa kichwa, sema hapana. Simu bado iko wazi. Namsikia mzee akipumua, anangoja.