Ng'ombe Wawili Ukutani Kwangu

Morogoro,
Jumapili, wenzangu wakiwa kanisani.

Mdogo wangu Deogratias,

Pokea salamu za dada yako. Hujambo wewe? Wifi hajambo, na watoto? Mama kifua chake kimetulia, au baridi ya huko imeshaanza kumsumbua? Mahindi mmeshavuna? Nauliza yote haya kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, mtu umsalimie kwanza hata kama una neno naye. Na mimi nina neno na wewe, Deo. Lakini ngoja nikupe kwanza hali yangu.

Mimi ni mzima, kasoro mguu. Ulishasikia kwamba baiskeli ya muuza mkaa ilinigonga nikitoka sokoni na furushi langu la mitumba kichwani. Mfupa wa chini ya goti umevunjika mahali pawili, wakanifunga mhogo wa plasta tangu vidoleni mpaka pajani. Hii ni wiki ya tisa niko ndani. Tangu kiwanda kiuzwe na sisi tupunguzwe nilishazoea kutembea kutwa nzima na nguo zangu, sasa nimewekwa kitandani kama gunia. Dirisha langu linatazama ukuta wa jirani. Milima ya Uluguru iko hapo nyuma ya nyumba, wageni wanaisifia, na mimi siioni. Mwanamke wa Kifipa kufungiwa mahali pasipo na upeo ni adhabu, wewe mwenyewe unajua.

Ndiyo maana picha zako ziliniponya. Sitaki kukudhulumu katika hilo. Kamera ile niliipata kwenye mnada wa mitumba, nikampa Sista Adelina, binti wa katekista wetu, akuletee alipokuja likizo. Nilikuomba kitu kimoja tu: usinipigie watu waliosimama wima kama wanasubiri kuhukumiwa, nipigie nchi yetu. Mkanda wa kwanza ulikata vichwa vya wote, mpaka vya mbuzi, nikacheka mwenyewe hapa. Lakini mkanda wa pili, ule ulioniletea postani nikiwa na wiki tatu za mhogo, huo ulikuwa kazi ya mtu mwenye macho. Kalambo maji yakianguka na moshi wake ukipanda. Ziwa Rukwa limelala chini kule, ukilitazama toka ukingoni kabla hujaanza kuteremka Muze. Malori ya Kasesya yakingoja kuvuka kwenda Zambia. Na majani ya uwanda wetu yakilazwa na upepo, hakuna mtu, hakuna nyumba, majani tu.

Nilizipiga pini ukutani zote. Wanawake wa nyumba hii walipojua, ikawa kila jioni wanakuja, anakaa mmoja ukingoni mwa kitanda, na mimi namtembeza Ufipa bila nauli. Hapa ndipo baridi inapokatia watu midomo. Hapa ndipo dagaa wanapopanda kutoka bondeni. Wao wanatikisa vichwa, wanasema, "Dada Fausta, kwenu pazuri namna hii, huku unatafuta nini?" Nami nawajibu kwa maringo, "Mguu ukipona narudi zangu. Kiwanda kimekwenda, mitumba imenivunja mguu, lakini mimi nina shamba."

Nikawaonyesha. Ile picha uliyoandika nyuma, "Shamba la Dada, ntumba zimekubali." Ilibidi niwaeleze ntumba ni nini, kwamba sisi tunafukia majani yangali mabichi, tunayafunika kwa udongo mpaka yanakuwa vilima, tunapanda maharage juu, halafu msimu unaofuata tunavitawanya tupande ulezi. Nikawaambia kwetu ntumba ni kama saini. Mtu hafukii ntumba mahali asipotegemea kurudi. Na miaka yote hii barua zako zilikuwa na mstari huo huo: "Ntumba zako nimezifukia, Dada, usiwe na wasiwasi."

Pembeni yake niliweka picha ya maksai wawili, wewe umesimama katikati yao, mkono mmoja kwa huyu na mmoja kwa yule, unacheka. Nyuma umeandika kwamba mmewapata kupitia kikundi cha wakulima. Nilifurahi jamani. Niliwasifia wale ng'ombe mpaka jirani mmoja akaniuliza kama nataka kuolewa nao.

Sasa yupo mwenzetu hapa, Mama Kulwa, Msukuma wa Shinyanga, amekua nyuma ya mikia ya ng'ombe. Siku moja alikuwa ananiletea uji, akasimama mbele ya picha uliyoandika, "Njiani kwenda Kasesya." Kuna ng'ombe wanakula kando ya shamba la mahindi. Akaiangalia muda mrefu mpaka uji ukaanza kushika utando.

"Dada Fausta," akasema, "hawa ng'ombe ni wa watu wa kwetu. Na hili shamba limepigwa plau, ona mahindi yalivyonyooka. Lakini ona na hii chapa ya pajani. Si ndiyo hiyo hiyo waliyo nayo maksai wa mdogo wako?"

Nikamwambia Wasukuma siku hizi wamejaa Rukwa nzima, na chapa zinafanana. Akasema, "Chapa hazifanani, mama. Zingefanana tungeibiana mchana." Akaniwekea uji akaenda zake.

Nikaitoa picha ukutani, nikaisogeza karibu na macho. Nyuma ya ng'ombe, nyuma ya mahindi, pamesimama ilungu.

Najua malungu yako mengi Ufipa. Wazee waliyeyusha chuma kila mahali, na matanuru yao ya udongo bado yamesimama mashambani, marefu kuliko mtu. Lakini ilungu lililomeguka bega upande wa mawio ni moja, Deo. Lilimegukia mikononi mwako ulipokuwa na miaka saba. Mimi nilikukataza, wewe ukapanda, ukaanguka na kipande cha udongo kikubwa kuliko wewe, na baba akatuchapa wote wawili, wewe kwa kupanda na mimi kwa kukuachia. Kovu la siku hiyo unalo kidevuni. Ilungu letu haliko njiani kwenda Kasesya, liko shambani kwangu. Halijawahi kuhama.

Nikaivuta na ile picha ya ntumba, ile ya shamba langu. Nikaitafuta kona hadi kona. Ilungu hakuna. Na pale kwetu hata upige picha umelala kifudifudi, ilungu litaingia tu. Mpaka leo sijui zile ni ntumba za nani. Nilizisifia kwa watu mwezi mzima, ntumba za mtu mwingine.

Bado sikutaka kuamini. Nilijipa sababu zote: labda umemkodisha mtu msimu mmoja, labda umekosea kuandika nyuma ya picha. Mdogo wangu wa tumbo moja, nikasema, hawezi. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Juma lililopita Sista Adelina alikuja kuniona, ametoka huko likizo. Miaka yote akirudi ananiletea unga wa ulezi wa mama, umefungwa kwenye kitambaa chenye fundo la mama mwenyewe. Safari hii alikuja mikono mitupu, na hakukaa vizuri kwenye kiti. Nikamwonyesha picha, nikamwuliza moja kwa moja hili shamba ni la nani sasa.

Akainamisha macho. "Fausta, mimi nilidhani mmepatana. Ni la Masanja, yule mfugaji aliyehamia. Deo alisoma barua yako mbele ya mama, baba yangu akiwepo na wazee wa kitongoji."

"Barua gani, Sista?"

"Ile uliyosema wewe sasa ni mtu wa Morogoro, hurudi tena, shamba apewe Masanja na maksai wachukue Deo."

Nikamwambia mimi sijaandika barua hiyo. Akasema baba yake mwandiko hakuuona, lakini bahasha aliiona, na ilikuwa yangu kweli. Basi nikaielewa ni ipi. Deo, hiyo ni barua niliyokuandikia kiwanda kilipouzwa. Mle ndani nilikwambia nimebaki sina kazi, kwa hiyo uniangalizie shamba vizuri kuliko zamani kwa sababu nitalihitaji. Ukaishika barua ya mimi kurudi, ukaisoma kuwa barua ya mimi kutorudi.

Nikamwuliza mama alisemaje. Sista hakutaka kusema, nikambana. Anasema mama alikuomba urudie pale penye jina langu. Ukarudia. Ukasoma mara ya pili, Deo, neno kwa neno, kitu ambacho hakikuandikwa. Mama akasema, "Kama Fausta ametuchoka, nani atamlazimisha?" Akaingia ndani. Toka siku hiyo hajafunga unga wowote kwa ajili ya Morogoro.

Mimi nilikuwa najiuliza hapa kwa nini salamu zake zimekauka. Nikadhani ni uzee. Kumbe mama yangu anajua nimemtupa, na anakaa na jambo hilo kila siku anapoota moto, na wewe unapita mlangoni kwake na maksai wako kwenda kulima.

Naujua utetezi wako, nikujibu kabisa. Utasema ardhi ilikuwa imelala, mimi niko mbali, mimi ni mwanamke na sina mume. Baba alijua kwamba mimi ni mwanamke siku aliponionyesha mipaka ya shamba langu, na wewe alikuweka hapo makusudi ili ushuhudie. Ungeniandikia, "Dada, nataka kulima kwa ng'ombe, tufanyeje?" ningekupa nusu. Kwa jina la marehemu baba, ningekupa. Masanja sina ugomvi naye, yeye alitafuta mahali pa kukaa na watoto wake, akakuta mtu anayejiita mwenye shamba. Siku hizi kila kitu ruksa, watu wanauza viwanda, wanauza magari ya umma, sawa. Lakini kumsemea mtu kwa mama yake, ruksa hiyo ulipewa na nani?

Na kinachonichoma kuliko vyote ni wale maksai. Kila jioni nilikuwa nawaonyesha watu shamba langu bila kujua, lina miguu minane na wewe umesimama katikati unacheka. Uliweza vipi kunitumia picha hiyo? Ungeniibia ukanyamaza ningekuelewa kidogo. Lakini wewe uliniibia, ukaipiga picha, ukaniletea niipambe.

Barua hii ni yako. Ya mama nimeiandika peke yake, na sijaipitisha mikononi mwako. Anayo Sista Adelina, anakuja huko mwezi ujao kwa nadhiri za mwenzake, na ameniahidi atamsomea mama yeye mwenyewe, polepole, katekista akiwa amekaa hapo hapo na kuutazama mwandiko. Ukitaka kuwahi kumweleza mama kabla Sista hajafika, una wiki tatu. Nakuombea uwahi. Mimi bado ni dada yako na sitaki mama ayasikie haya kutoka kwa mtu mwingine wakati mwanawe yupo.

Nisalimie wifi yangu, yeye simlaumu, sijui uliyomweleza. Nisalimie shangazi mkubwa, mwambie dawa ya miguu aliyonituma nitaileta. Mjomba fundi mpe shikamoo yangu, na watoto uwabusu wote, hasa huyo aliyepewa jina la baba. Mama usimpe salamu zangu. Za kwake nitazipeleka bila kukupitia wewe.

Mhogo unakatwa mwisho wa mwezi. Nitajifunza kutembea tena, na kabla mvua hazijaanza nitakuwa nimeshuka stendi ya Sumbawanga na begi langu. Usije kunipokea, na kuku usinichinjie, kwa sababu hayo hufanyiwa mgeni. Kama umeshanifanya mgeni kwetu, sawa, wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku mbili za kwanza nitalala kwa mama. Siku ya tatu asubuhi nitakuja mlangoni kwako nikuombe jembe, halafu wewe utatangulia mbele, mimi nitakufuata nyuma, unionyeshe nikalime wapi.

Ni mimi, dada yako,
Fausta