Picha ya Saa Hii

Dada Nafula, mvua imefika Butula? Huku Malaba ni jua na vumbi, nami naandika maelezo ya kamera ya lori lisilo na dereva. Kompyuta inayoliendesha huyasoma ndipo ijue ni picha gani ya barabara iombe. Niliandika: picha isiwe imepigwa zaidi ya sekunde mbili zilizopita. Bosi akaona mtu kama mimi, aliyejifunza kompyuta peke yake, hajui kitu, akabadilisha: "picha ya saa hii." Eti nambari zinachosha.

Leo adhuhuri tumelijaribu kwenye uwanja wa malori. Mama mmoja akakatiza mbele yake na beseni la ndizi kichwani. Lori likamfuata polepole, usukani ukijizungusha.

"Dereva, kwani umelala?" mama akapaza sauti.

Nikabonyeza kitufe cha kulisimamisha, likasimama limeshagusa leso aliyojifunga. Kompyuta ilikuwa ikitazama picha ya dakika arobaini na moja nyuma; kwake dakika zote sitini ni saa hii. Nikaiuliza nani yuko mbele. Ikajibu: hakuna mtu. Na mama amesimama pale, ameliegemea, anahema.

Nimerudisha sekunde zangu mbili. Bosi akikataa, asimame yeye hapo mbele.

Wasalimie watoto, na mshikane mikono mkivuka barabara.

Kaka yako, Wafula